Ufunguo Mliomkabidhi Fundi: Kulinda Vifaa vya Biashara Dhidi ya Wahalifu wa Mtandaoni

Hotuba iliyotolewa na Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi mbele ya wafanyabiashara, mawakala wa forodha, mawakala wa pesa za simu na viongozi wa Mayumba Kumi, mjini Busia, Uganda.



 Mmezoea kumwona polisi akisimama mahali kama hapa kuwaonya juu ya magendo, wizi wa pikipiki na vijana wanaopita njia za panya usiku. Mambo hayo yapo na hatujayasahau. Lakini leo ninataka tuzungumze juu ya mwizi ambaye havunji kufuli wala haruki ukuta. Anaingia kwa ufunguo halali, ufunguo ambao ninyi wenyewe mlimkabidhi mtu mliyemwamini.

Mji wetu unaishi kwa kompyuta na simu kuliko tunavyokiri. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, lori husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia, na hati za mzigo hulitangulia. Karani wa wakala wa forodha huziingiza katika mfumo wa mapato akiwa ofisini kwake. Mnunuzi wa samaki aliye upande wa Kenya hutuma malipo kwa simu, na muuzaji wa upande wa Uganda huyapokea kabla chai haijapoa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo, tena limo ndani ya kompyuta, na mwizi ameanza kulifuata huko.

Kwa kuwa wengi wetu hatukusomea kompyuta, tumefanya jambo la busara: tumewatafuta wanaojua. Wengine wameajiri kampuni ya kuwalindia mitandao yao. Wengine wana kijana fulani, fundi, anayekuja kila kompyuta inapokwama. Sikuja kuwakataza. Mwenye duka halali mlangoni akiwa na rungu, humwajiri mlinzi. Ninachotaka kuwaeleza ni hiki: unaweza kuajiri mtu akulindie kompyuta zako, lakini huwezi kumwajiri abebe wajibu wako. Wajibu unabaki kwa mwenye mali.

Kisa cha mama wa nafaka

Niwasimulie jambo tulilolishughulikia. Sitataja jina la mtu wala la ofisi, kwa sababu wahusika ni majirani zetu na wameshaumia vya kutosha.

Mama mmoja alikuwa akikusanya mahindi kutoka kwa wakulima wadogo na kuyauza ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, kompyuta mbili na simu tatu. Fundi wake, kijana mwenye adabu, aliwaweka kinga ya virusi, akatengeneza barua pepe ya biashara, kisha akaweka katika kompyuta zote mbili programu ya kuziingia kutoka mbali, ili asilazimike kupanda bodaboda kila karani anapokwama. Baada ya muda wakaachana kwa amani, kwa sababu kijana alipata kazi mji mwingine. Hakuna aliyeiondoa programu ile. Hakuna aliyebadilisha maneno ya siri.

Miezi mingi ikapita. Siku moja mnunuzi wa ng'ambo akapokea barua pepe kutoka kwa anwani ile ile ya mama, yenye salamu zile zile alizozizoea, na ankara yenye nembo ile ile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki peke yake. Barua ilieleza kwamba akaunti ya zamani inafanyiwa ukaguzi. Mnunuzi akalipa. Siku ya nne mama akampigia simu kumkumbusha deni, naye akajibu kwa mshangao, "Mama, si nililipa tangu Jumatatu?"

Fedha zile hazikuwa za mama peke yake. Humo mlikuwa na jasho la wakulima waliokuwa wametoa mahindi yao kwa ahadi. Walifika kituoni kwetu kwa makundi. Mmoja alishika mkononi barua ya shule ya mwanawe aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mpelelezi alimwuliza, "Mama, ni nani mwingine anayejua neno la siri la barua pepe hii?"

Akajibu, "Hakuna, Afande. Ni fundi tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike hotuba hii.

Habari ikaenea mjini kwamba mwizi ni fundi. Watu wakaenda kumtafuta nyumbani kwa wazazi wake, na kama mwenyekiti wa kijiji asingesimama mlangoni, tungekuwa leo tunazungumzia mauaji. Nakiri kwamba hata sisi polisi tulikuwa wepesi kumshuku, tukamshikilia. Uchunguzi ulipoendelea ilionekana kwamba hakuchukua hata shilingi. Alikuwa ameuza kompyuta yake ya zamani, ya mkononi, bila kufuta chochote ndani yake. Humo mlikuwa na faili moja lenye maneno ya siri ya ofisi zote alizowahi kuzihudumia. Aliyeinunua, au aliyeipata baadaye, alikuta rundo zima la funguo.

Tazameni basi. Mama hakuwa mzembe kuliko ninyi. Fundi hakuwa mwizi. Hata hivyo mali iliondoka, na kijana asiye na hatia alinusurika kupigwa na umati. Kilichokosekana kati yao ni utaratibu.

Hata wakubwa huingia shimo hilo

Pengine mtu atasema mambo haya huwapata wadogo. Sivyo. Tarehe 2 Julai 2021, wahalifu walitumia udhaifu katika programu ya kampuni ya Kimarekani iitwayo Kaseya. Programu hiyo hutumiwa na kampuni zinazolinda na kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali, yaani ni chombo cha walinzi. Kupitia mlango huo, virusi vya kudai fidia vilifika katika biashara zinazokadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,500 katika nchi mbalimbali. Kule Uswidi, maduka ya Coop yapatayo 800 yalilazimika kufunga milango kwa sababu mashine za kupokea malipo ziligoma. Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyekuwa mteja ni kampuni iliyohudumia mashine zake za malipo.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2013, maduka ya Target nchini Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Wahalifu walianza kwa kuiba maneno ya siri ya mkandarasi wa majokofu na viyoyozi, mtu ambaye hakuwa na shughuli yoyote na kadi za wateja.

Na hapa kwetu Uganda, mwezi Oktoba 2020, wahalifu walipenya mfumo wa kampuni ya kati iliyounganisha kampuni za simu na mabenki. Huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasimamishwa kwa muda. Mawakala mlio hapa bila shaka mnazikumbuka siku zile. Wateja walipanga foleni, ninyi mkawa hamna la kuwaambia, ingawa simu zenu hazikuwa na kosa lolote.

Katika visa vyote hivyo mwizi alipita ubavuni, kwa mtu wa huduma. Ndiyo maana nasisitiza: unapomwajiri mlinzi, uliza pia yeye analindwa na nani.

Mambo saba ya kuafikiana na mlinzi wa vifaa vyako

La kwanza ni mkataba wa maandishi. Hata kama fundi ni mtoto wa shangazi yako, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: atafanya nini, kila baada ya muda gani, atalipwa kiasi gani, ataitikia upesi kiasi gani mkipatwa na tatizo, na atatunza siri za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu ahakikishe kwamba yule anayemshughulikia taarifa hizo naye anazilinda. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nakala za vitambulisho mlizojaza kwenye kompyuta si karatasi tupu. Ni amana za watu.

La pili ni kumpa kila mtu ufunguo wake. Fundi asitumie jina na neno la siri la mwenye ofisi. Afunguliwe akaunti yake mwenyewe, yenye jina lake, ili kila anapoingia ijulikane ni yeye. Utaratibu huo unamlinda hata yeye. Kama ungekuwapo katika kisa cha mama wa nafaka, tungeweza kujua mapema zaidi kilichotokea, na kijana yule asingelala mahabusu.

La tatu ni kupima mamlaka. Anayerekebisha printa hana haja ya kuona akaunti za benki. Namba ya siri ya pesa za simu haimhusu fundi yeyote, wa leo wala wa kesho. Akikuomba namba hiyo "ili kujaribu mtandao", mwambie aondoke, kisha utupigie simu.

La nne ni mlango wa mbali. Programu ya kuingia kompyuta kutoka mbali iwashwe wakati wa kazi tu, mbele ya karani, na izimwe kazi ikiisha. Kama kampuni inailinda ofisi yako usiku na mchana na lazima iwe na mlango huo, basi mlango uwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri itakiwe pia namba inayotolewa kwenye simu. Weka uthibitisho huo pia kwenye barua pepe yako. Barua pepe ndiyo mama wa funguo, kwa maana anayeishika anaweza kubadilisha funguo nyingine zote.

La tano ni masasisho. Mwulize mlinzi wako: mara ya mwisho umezisasisha lini kompyuta hizi? Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kusambaa, vikafika nchi zaidi ya 150, ingawa dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu mwezi Machi mwaka huo huo. Wengi wa walioumia walikuwa hawajaiweka. Pia wengi wenu mnatumia Windows 10. Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yako itaendelea kuwaka, lakini nyufa mpya hazitazibwa, isipokuwa kama umejiandikisha kupata huduma ya ziada. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi mitaani kwa bei ya soda, ziacheni. Mara nyingi aliyezivunja kufuli amebaki na ufunguo.

La sita ni nakala za akiba. Virusi vya kudai fidia hufunga faili zako zote, kisha hukuandikia kwenye kioo kwamba ulipe ndipo zifunguliwe. Mwenye nakala salama hatetemeki sana. Nakala iwekwe kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa baada ya kazi na kuhifadhiwa mahali pengine. Diski inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta siku zote itafungwa pamoja nayo. Tena mwambie fundi akuonyeshe, kwa macho yako, akirudisha faili moja kutoka kwenye nakala hiyo. Mitungi haihesabiwi mpaka ijazwe maji.

La saba ni siku ya kuagana. Fundi akiondoka, mkataba ukiisha, au karani akiacha kazi, siku hiyo hiyo badilisha maneno yote ya siri, futa akaunti yake, ondoa programu ya mbali, na muandike karatasi ya makabidhiano yenye sahihi mbili. Mpangaji akihama hubadilishi kitasa kwa sababu unamchukia. Unabadilisha kwa sababu ufunguo una nakala.

Najua wapo watakaosema, "Afande, biashara yangu ni ndogo, kampuni ya ulinzi nitailipa nini?" Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini Mayumba Kumi imetufundisha kwamba nyumba moja haiwezi kumlipa mlinzi, nyumba kumi zinaweza. Ofisi tano au sita za mtaa mmoja zinaweza kuingia mkataba na kampuni moja iliyosajiliwa, kila ofisi ikiwa na funguo zake zilizotengwa na za wenzake. Kabla ya kutia sahihi, ombeni cheti cha usajili, tembeleeni ofisi yao, na wapigieni simu wateja wawili wanaowahudumia.

Yaliyo juu yako mwenyewe

Kuna mambo ambayo hakuna mlinzi awezaye kukufanyia. Neno la siri usilibandike ukutani. Simu ya biashara usimpe mtoto achezee michezo. Waifai ya wateja isiwe ile ile inayotumiwa na kompyuta ya hesabu. Na zaidi ya yote, ukipokea ujumbe wa kubadilisha akaunti ya malipo, usijibu ujumbe huo. Mpigie mwenzako kwa namba unayoijua tangu zamani, umsikie sauti, umwulize habari za nyumbani, kisha mthibitishe namba ya akaunti. Mnunuzi wa yule mama angepiga simu ya dakika moja, wakulima wangelipwa.

Ukishapatwa

Ukigundua umeingiliwa, kwanza piga simu benki au kampuni yako ya simu uombe malipo yazuiwe. Dakika zina thamani hapo kuliko maneno. Pili, chomoa waya wa mtandao au zima waifai ili virusi visiende kwa kompyuta nyingine. Tatu, usifute kitu wala usimruhusu mtu "aisafishe" kompyuta. Kufuta kompyuta iliyoingiliwa ni sawa na kufagia nyayo za mwizi kabla mpelelezi hajafika. Piga picha kioo, hifadhi ujumbe na namba za miamala. Nne, njoo kituoni mara moja.

Kuhusu fidia, ushauri wetu ni kutolipa. Anayelipa hana hakika ya kurudishiwa faili zake, na fedha hizo humtia mhalifu nguvu ya kumwendea jirani yako.

Nasikia wengine huogopa kuripoti kwa sababu fedha zilivuka mpaka, wakidhani polisi wa upande huu hawana mkono upande ule. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa pande zote mbili: Uganda kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 na marekebisho yake, na Kenya kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Majeshi yetu ya polisi hushirikiana kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioundwa mwaka 1998, na kupitia Interpol. Sitawadanganya: fedha huvuka mpaka kwa dakika moja, na jalada la kesi haliendi kwa kasi hiyo. Ndiyo maana saa ya kwanza ina maana kubwa. Yule mama alifika siku ya nne, na akaunti ile ilikuwa imeshakombwa.

Ndugu wananchi, namalizia kwa ombi. Mtakaporudi ofisini leo, kabla ya kufunga, chukueni karatasi. Andikeni majina ya watu wote ambao wamewahi kupewa neno lolote la siri la biashara yenu: mafundi, makarani, wajomba, wote. Karibu na kila jina andikeni kama bado mtu huyo anafanya kazi nanyi. Mkikuta hata jina moja la mtu aliyekwisha kuondoka, msilale kabla ya kubadilisha ufunguo huo.

Na ninyi mafundi vijana mlioketi nyuma, msione kwamba nimewasema vibaya. Kazi yenu ni ya heshima na mji huu unawahitaji. Daini mkataba. Kataeni kutunza maneno ya siri ya watu kwenye kompyuta zenu bila kufuli. Mkiuza kifaa, kifuteni kabisa kwanza. Jina lenu jema ndilo duka lenu. Yule kijana niliyemsimulia amerudi kazini sasa, na jambo la kwanza anapofika kwa mteja ni kuomba karatasi na kalamu.

 Kwa Mungu na Nchi Yangu.